Ndoo yenye utambi: kuanzisha bustani ya roshani inayojinywesha

Aliyekulia nyumba isiyo na umeme anaijua kanuni nzima ya bustani hii hata kama hajawahi kushika jembe. Kibatari kina mafuta chini, utambi katikati, moto juu. Hakuna anayeyamimina mafuta juu ya moto. Utambi ndio unaoyavuta, kidogo kidogo, kwa kadiri moto unavyoyala. Sasa weka maji mahali pa mafuta, na mche wa nyanya mahali pa moto. Umeshakielewa chombo. Kilichobaki ni ufundi wa ndoo na msumari.

Ninakaa Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, kwenye jengo la zamani lenye roshani ambayo ukipiga hatua mbili umefika ukingoni. Kabla ya ndoo hizi niliua mimea mingi, na haikuwa kwa udongo mbaya wala mbegu mbovu. Kopo dogo lililo juani mwezi wa Februari hukauka kabla ya saa nane mchana, na saa nane mimi niko kazini. Narudi jioni, nafungua bomba, linakohoa hewa. Mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua maji na jiji likaingia kwenye mgao, nilibakiwa na mchaichai peke yake. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa mmea wa kopo hauuawi na ukame. Unauawa na siku mbili tu ambazo hukuwepo, au maji hayakuwepo. Chombo chenye akiba ya maji chini kinakuvusha siku hizo mbili. Hakitakufanya mkulima, na usinunue mbegu za shilingi nyingi ukidhani kitakufanya.

Jua na uzito kwanza

Dar iko kusini ya ikweta kwa nyuzi karibu 7, na jambo hilo lina maana kubwa kwa mtu wa roshani. Roshani inayotazama kusini hupigwa na jua tangu katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Baada ya hapo jua huhamia upande wa kaskazini, na msimu wote wa kusi roshani hiyo hukaa kivulini. Inayotazama kaskazini ni kinyume chake. Ya mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, na mwenye nayo ashukuru. Ya magharibi hupata jua la alasiri, kali, na ndoo zake zitakunywa maji kuliko za jirani. Nairobi na Kampala, zilizo karibu zaidi na ikweta, mabadiliko hayo huja karibu na Machi 21 na Septemba 23.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chagua siku moja ya mapumziko ukae nyumbani uhesabu saa. Nyanya, hoho, bamia na biringanya hutaka jua la saa sita au zaidi kwa siku. Mchicha, figiri na sukuma wiki huridhika na saa nne. Matembele na mnanaa huvumilia hata pungufu ya hapo. Ukipanda nyanya kwenye kivuli utapata majani mazuri ya kupigia picha, basi.

Uzito watu huusahau. Lita moja ya maji ni kilo moja, na ndoo ya lita 20 ikijaa udongo mbichi pamoja na akiba yake hukaribia kilo 25. Ndoo tatu ni mtu mzima aliyesimama hapo usiku na mchana. Zipange kando ya ukuta wa nyumba, kamwe si juu ya kingo, na zisirundikane kona moja. Kama zege la roshani lina nyufa, au limebanduka na nondo zenye kutu zinaonekana, jambo la kawaida kwenye majengo ya pwani kwa sababu ya chumvi ya bahari, usiweke ndoo hata moja. Panda giligilani dirishani. Kama umepanga, mwambie mwenye nyumba mapema. Ni rahisi kuliko kumweleza baadaye.

Jifunze na chupa

Usianze na ndoo. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu uliyoimaliza leo. Ikate kwa kisu juu kidogo ya katikati. Pasha msumari moto, utoboe kizibo tundu la kupita penseli. Kata ukanda wa fulana ya zamani, upana wa vidole viwili na urefu wa sentimita 20, uupitishe tunduni mpaka nusu ibaki ndani na nusu ining'inie nje. Funga kizibo. Igeuze ile sehemu ya juu, shingo chini, uijaze udongo huku ukiusimamisha utambi katikati ya udongo, kisha uikalishe ndani ya kile kipande cha chini chenye maji. Ulowanishe udongo wote kutoka juu mara hii moja, kwa sababu udongo mkavu kabisa hauvuti maji, kama vile utambi mkavu usivyowaka vizuri mpaka uloe mafuta.

Panda humo kitunguu majani au giligilani. Zungushia chupa karatasi ya kaki au kipande cha kiroba, la sivyo mwanga utaingia na maji yatafanya ukoga wa kijani. Baada ya siku tatu gusa udongo wa juu. Ukiwa na unyevu ilhali hujamwagilia, umefaulu, na sasa unaweza kwenda kutafuta ndoo.

Kutengeneza ndoo yenyewe

Unahitaji ndoo mbili za lita 20 zinazoingiana, kikopo cha mtindi cha nusu lita, bomba la PVC la inchi 1 lenye urefu wa sentimita 95 (sentimita 55 za kujazia maji, zilizobaki za kukata miguu ya ndoo), msumari mnene, plaizi, jiko la mkaa, na kipande cha chandarua kilichochakaa. Ndoo nzuri hupatikana kwa waoka mikate, wanaonunua majarini kwa ndoo. Zigeuze uangalie kitako: alama ya pembetatu yenye namba 2 au 5 ni plastiki inayofaa. Ndoo za rangi ya maji zinatumika zikisuguliwa hasa, ingawa mimi mboga za kula nimeziwekea za majarini na za rangi nimepandia maua. Ndoo au dumu lililowahi kubeba dawa ya wadudu, hata lioshwe mara kumi, halifai.

Ingiza ndoo moja ndani ya nyingine na uziinue juani. Utaona kivuli cha kitako cha ndoo ya ndani kupitia ukuta wa ile ya nje. Nafasi kati ya vitako viwili ndiyo tangi lako. Ndoo nyingi huacha nafasi ndogo, vidole vitatu hivi, na hiyo haitoshi. Kata vipande vitatu au vinne vya bomba, kila kimoja sentimita 10, uvisimamishe chini kama mafiga, kisha ukalishe ndoo ya ndani juu yake. Sasa una akiba ya maji ya lita 4 hadi 5. Ndoo ya ndani itachomoza juu kidogo, haina neno. Piga mstari kwa kalamu upande wa nje, pale kilipo kitako cha ndoo ya ndani, halafu zitenganishe.

Sasa washa jiko, nje, mahali penye upepo, maana moshi wa plastiki si wa kuvuta. Shika msumari kwa plaizi.

1. Ndoo ya nje: toboa tundu moja la ukubwa wa penseli sentimita moja chini ya ule mstari. Hili ni tundu la kumwagikia.

2. Ndoo ya ndani, katikati ya kitako: kata duara dogo kidogo kuliko mdomo wa kikopo cha mtindi, ili kikopo kipite na kunasa kwenye ukingo wake. Mguu wa kikopo ufike karibu na sakafu ya ndoo ya nje.

3. Kikopo: kitoboe pande zote matundu kama 15 membamba. Huu ndio utambi wako mkubwa; kitajazwa udongo, na udongo ule utakaa majini.

4. Kitako cha ndoo ya ndani: ongeza matundu kama 20 ya msumari ya kupitisha hewa na kuchuja maji ya mvua, kisha tundu moja pembeni la kupita bomba.

5. Bomba: kata ncha ya chini kwa mshazari. Ukiikata bapa itakaa sakafuni kama kizibo na maji hayatatoka.

Unganisha, pitisha bomba, na kazi ya moto imekwisha.

Nirudi kwenye tundu la kumwagikia, kwa sababu ndoo yangu ya kwanza haikuwa nalo. Niliona ni tundu la kupoteza maji, na mimi nilikuwa natafuta kuyatunza. Masika ilipoingia, mvua ya usiku mmoja iliijaza ndoo mpaka udongo ukawa uji. Nyanya zilinyauka huku zimesimama majini. Nikadhani zina kiu, nikaongeza. Mizizi hupumua; ikikosa hewa huoza, na mmea wenye mizizi iliyooza hunyauka kama uliokosa maji. Tundu lile dogo linahakikisha kuwa, hata inyeshe vipi, daima kuna tabaka la hewa kati ya maji na udongo, na ni kikopo peke yake kinachogusa maji. Ligeuzie upande wa roshani yako. Mimi niliupata ujumbe huu kwa dada wa ghorofa ya pili: "Jirani, pole na kilimo, lakini mashuka yangu hayakuomba mbolea."

Kwa nini kikopo badala ya kitambaa kama cha kwenye chupa? Kitambaa cha pamba huvuta maji vizuri sana, kanga iliyochakaa hasa, lakini kikiwa ndani ya udongo wenye mbolea huoza katika msimu mmoja, na huwezi kukibadilisha bila kung'oa mmea. Kikopo cha udongo hakiozi, na mizizi yenyewe hushuka humo ikanywa.

Udongo ndio utambi

Hapa ndipo wengi hukwama. Udongo wa kuchota nje ya jengo, hasa ule mfinyanzi, ukiwa ndani ya ndoo hushikana, hubana hewa, na ukikauka hujitenga na kuta za ndoo ukaacha nyufa. Mchanga mtupu nao hauinui maji mbali. Unahitaji kitu chenye vijitundu vidogo vya kuvuta maji na vikubwa vya kupitisha hewa, na pwani kitu hicho tunakikanyaga kila siku: makumbi ya nazi.

Changanya ndoo mbili za unga wa makumbi, ndoo mbili za mboji au samadi iliyoiva, na ndoo moja ya mchanga wa mto au makapi ya mpunga yaliyochomwa nusu. Samadi ya kuku ikae miezi mitatu kabla ya kutumika, kwani ikiwa mbichi huunguza miche. Mchanga wa baharini usiuguse. Na makumbi nayo yaulizie asili yake. Zanzibar makumbi hufukiwa ufukweni miezi kadhaa ili yalainike yapigwe kuwa usumba wa kamba, na unga wa makumbi kama hayo una chumvi. Hata yasiyofukiwa huwa nayo kiasi. Loweka usiku kucha, kamua, rudia mara mbili tatu.

Finyanga konzi la mchanganyiko uliolowa. Likishikana kisha likavunjika ukiligusa kwa kidole, umepatia. Likibaki tonge kama ugali, ongeza makapi. Likikataa kushikana, ongeza mboji. Jaza kikopo kwanza, ushindilie kwa ngumi, kwa sababu huko hutaki mapengo. Kwingine kote jaza bila kushindilia. Kina cha udongo juu ya maji kisizidi sana sentimita 30. Zaidi ya hapo maji huchoka kupanda, na utakuwa na ndoo yenye unyevu chini na vumbi juu.

Ukimaliza, mwagilia kutoka juu mpaka maji yatoke tundu la kumwagikia. Kisha funika uso wa udongo kwa tabaka la usumba au nyasi kavu, lipunguze uvukizi.

Kupanda

Mwezi wa kuanza Dar, kwa maoni yangu, ni mwishoni mwa Mei. Masika imeisha, kusi inapoza, na ukungu unaokula majani ya nyanya wakati wa mvua umepungua. Januari na Februari panda mchicha, matembele na bamia, vingine vitakulaumu.

Ndoo moja ni mche mmoja wa nyanya, si miwili, hata kama miche bado midogo na roho inakutuma. Au mche mmoja wa biringanya, au hoho moja, au sukuma wiki mbili, au marando matatu ya matembele. Mchicha usie wote kisha upunguze ibaki kama 12, na ile unayong'oa ni mboga ya kwanza. Kwa nyanya tafuta aina fupi. Tanya, iliyotolewa Tanzania mwaka 1997, haipandi sana na inafaa kwa ndoo. Ghorofani kusi huvuma kwelikweli, kwa hiyo chomeka mti wa kuegemea siku ileile ya kupanda na uufunge kwenye kingo kwa waya wa kufungia nondo. Ukisubiri mpaka mmea uanze kuinama utachana mizizi.

Wiki mbili za mwanzo endelea kumwagilia kutoka juu, kidogo, asubuhi. Mizizi bado mifupi. Baada ya hapo maji yote yapite kwenye bomba.

Kuishi na ndoo

Jaza kwenye bomba mpaka maji yatoke pembeni, ndiyo ishara ya kutosha. Kujua akiba iliyobaki, kata kipande kidogo cha ndala iliyochakaa, kichomeke kwenye ncha ya kijiti kirefu cha mshikaki au cha mwanzi, ukitumbukize ndani ya bomba. Ndala huelea. Kijiti kikichomoza juu, maji yapo. Kikizama mpaka kwenye mdomo wa bomba, jaza. Wageni wangu hukifurahia kijiti hiki kuliko nyanya zenyewe.

Usitarajie wiki nzima kwa kila mmea. Nyanya iliyokomaa yenye matunda, juani, inaweza kumaliza lita moja hadi mbili kwa siku, kwa hiyo akiba ya lita 4 au 5 ni siku mbili hadi tano. Mchicha utakupeleka karibu wiki. Ukisafiri zaidi ya hapo, mwombe mtu, faida ni kwamba maelekezo yake ni mafupi: "Mimina kwenye bomba mpaka imwagike." Mara moja moja, isipokuwa wakati wa matunda, acha tangi likauke siku moja kabla ya kujaza tena, mizizi ya chini ipate hewa.

Mbu sasa, na hapa sitanii. Ndoo yenye maji masafi, kivuli na utulivu ndiyo nyumba anayoitafuta mbu mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, yule wa homa ya dengi, na Dar ilikumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka huchukua siku saba hadi kumi hivi wakati wa joto. Funika mdomo wa bomba kwa chandarua na mpira, ukitoboa kidogo pa kupita kijiti. Bandika chandarua kwenye tundu la kumwagikia. Kisha angalia pale ndoo mbili zinapokutana juu: kama kuna upenyo, uzungushie kitambaa au gundi ya karatasi. Kila wiki chungulia. Ukiona viluwiluwi, inamisha ndoo umwage maji yote kwenye zege kavu.

Shida ya pili hujificha zaidi, nayo ni chumvi. Maji yanapanda, yanavukia, na kila kilichoyeyuka ndani yake kinabaki juu ya udongo. Ukitumia maji ya kisima cha pwani, ambayo mengi yana ladha yake, baada ya wiki kadhaa utaona utando mweupe na kingo za majani zikiungua. Mara moja kwa mwezi kwangua utando huo, umwagilie kutoka juu maji mengi yasiyo na chumvi mpaka tundu la kumwagikia litiririke, halafu umwage yote yaliyo chini. Maji ya mvua yanafanya kazi hii bure. Masika nazisogeza ndoo zangu ukingoni siku mbili zioshwe.

Mbolea isipite kwenye bomba. Niliwahi kumimina maji ya samadi humo, na nyumba nzima ilijua. Weka juu: konzi la mboji kila wiki tatu, au kwa nyanya kijiko kimoja cha chai cha NPK, mbolea ya dukani, kila wiki mbili, ukiifukia kidogo pembeni ya ndoo, mbali na shina. Vidukari na inzi weupe wakija, pulizia jioni maji yenye sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita, hasa chini ya majani, urudie baada ya siku nne.

Nyanya zikianza kuoza kitakoni, doa jeusi lililobonyea, watu hukimbilia dawa. Mara nyingi ni maji yaliyokuwa yakija na kukatika, mmea ukashindwa kupeleka kalisiamu kwenye tunda. Hakikisha tangi halikai tupu wakati wa matunda, na matunda yanayofuata huwa mazima.

Mavuno yakiisha, chomoa mmea na uitoe ndoo ya ndani. Utakuta mizizi imejaza kikopo na kutokeza kwenye matundu kama ndevu. Kata yote, sugua ndoo, badilisha udongo wa kikopo uwe mpya. Udongo uliobaki unaweza kutumika tena ukiongezewa theluthi moja ya mboji, ila pale palipokaa nyanya usirudishe nyanya, hoho wala biringanya, panda mchicha. Na angalia vile vipande vya bomba ulivyosimamisha chini. Kama kimoja kimeinama, ndoo ya ndani imeshuka, na tundu la kumwagikia sasa liko juu ya kitako chake bila wewe kujua.